Unakwenda warsha ya uraia wa dunia? Anzia mwaloni

Tangazo huwa linapita kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi: warsha ya kimataifa ya vijana kuhusu elimu ya uraia wa dunia, washiriki kutoka nchi mbalimbali, mwisho wa kutuma maombi mwezi ujao. Wengi wanalisambaza tu kwa wenzao. Wachache wanaomba. Na katika hao wachache, wengi wanaandika maneno ambayo kijana yeyote wa nchi yoyote angeweza kuyaandika: napenda amani, napenda mazingira, nataka kuwa kiongozi wa kesho.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye kidato cha sita au chuo, uwe Malimbe, Buswelu, Sengerema au Nansio, unayetaka kuomba nafasi ya namna hiyo au umeshaipata na siku zinakwisha. Kuna jambo ninalolisisitiza kwa kila kijana anayeniomba ushauri: kinachombeba mshiriki kwenye warsha hizi ni suala moja la kwao analolijua hadi ndani, na sisi tunaoishi Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, tumezungukwa na masuala ya aina hiyo. Pasipoti, viza na begi nitavifikia. Hoja kwanza.

Hatua ya 1: Elewa unaitiwa nini

Uraia wa dunia hauna pasipoti wala haukuondolei Utanzania wako. Ni elimu inayomfundisha mtu kuona jinsi maisha yake yanavyogusana na ya watu wa mbali, na kwamba ana wajibu kwao kama wao walivyo na wajibu kwake. UNESCO, shirika ambalo limeieneza zaidi, linaieleza kwa pande tatu: kujua, kujali na kutenda. Kujua ni kuelewa masuala ya dunia na namna yanavyofungamana. Kujali ni kujiona sehemu ya ubinadamu mmoja na kuheshimu tofauti zetu. Kutenda ni kufanya kitu kinachoonekana, kwa uwajibikaji, hapo ulipo. Zishike pande hizo tatu, maana maswali ya fomu na vipindi vya warsha vinazizunguka.

Historia yake ni fupi, isome ukae nayo kichwani. Mwaka 2012 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, Ban Ki-moon, alizindua mpango wa kuipa elimu kipaumbele, na kukuza uraia wa dunia kukawa moja ya nguzo tatu za mpango huo. Mwaka 2015 yakaja Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu. Lengo la nne ni la elimu, na ndani yake shabaha ya 4.7 inataka ifikapo 2030 kila mwanafunzi awe amepata maarifa na stadi za kuendeleza maendeleo endelevu, haki za binadamu, usawa wa kijinsia, amani na uraia wa dunia. Novemba 2023 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo jipya kuhusu elimu ya amani, haki za binadamu na maendeleo endelevu, lililochukua nafasi ya lile la 1974. Na kama tangazo lako linataja APCEIU, hicho ni kituo kilichopo Seoul, Korea Kusini, kilichoanzishwa mwaka 2000 kwa makubaliano ya UNESCO na serikali ya nchi hiyo. Kazi yake ni elimu hii hii, kwa walimu na kwa vijana.

Sasa rudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo Mtanzania ana kitu cha kusema. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilikuwa hii: "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja." Watu wazima wengi wa kanda hii bado wanaikumbuka kwa moyo. Haikubaki kuwa maneno. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963, na wapigania uhuru wa Msumbiji, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini wakapewa ardhi, kambi na shule katika nchi iliyokuwa yenyewe bado maskini. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia wakimbizi zaidi ya 160,000 wa Burundi, wale waliokimbia mwaka 1972 pamoja na watoto wao. Muulize babu au bibi yako anakumbuka nini kuhusu miaka ya ukombozi. Ukitoka hapo utaingia kwenye warsha ukijua kwamba wazo hili lina mizizi kwenu pia.

Usikwepe na upande mgumu. Wapo wasomi wanaosema uraia wa dunia ni lugha ya nchi tajiri, na hoja yao ina uzito. Wewe utapanga foleni ya viza ukiwa na taarifa ya benki na barua za watu, na mwenzako utakayeketi naye meza moja ataingia nchi hiyo hiyo kwa kuonyesha pasipoti tu. Swali hilo linaruhusiwa kabisa ndani ya ukumbi. Liulize kwa utulivu, bila kumlaumu aliyekaa mbele yako, na ujiandae kusikiliza.

Hatua ya 2: Hakikisha warsha yenyewe ipo

Matapeli wanajua vijana wanataka kusafiri. Kabla hujaandika sentensi moja ya maombi, tafuta tovuti ya mwandaaji mwenyewe na uone kama tangazo lipo hapo. Angalia anwani ya barua pepe: taasisi ya kimataifa haikuandikii kwa anwani ya bure ya mtu binafsi. Nembo ya Umoja wa Mataifa kwenye picha haithibitishi chochote, kila mtu anaweza kuibandika. Ukibaki na shaka, waandikie Tume ya Taifa ya UNESCO ya Tanzania uwaulize, au mpelekee mwalimu wako alitazame.

Halafu soma kipengele cha gharama neno kwa neno. Nani analipa nauli ya ndege? Malazi? Viza? Bima? Kama wanasema mshiriki atalipa kwanza na kurudishiwa, jiulize mapema fedha hiyo itatoka wapi. Yapo makongamano halali ambayo mshiriki anajilipia kila kitu, lakini familia isiuze shamba kwa ajili ya siku tano za ukumbini. Yeyote anayekudai "ada ya kuthibitisha nafasi" kwa namba ya simu ya mtu binafsi, mwache.

Hatua ya 3: Chagua suala lako, kisha ulifinye

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi.

Tazama ulipo. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Tanzania ina asilimia 51 ya maji yake, Uganda 43 na Kenya 6. Maji hayo yanatokea Jinja yakawa Mto Nile, na bonde la Nile linagusa nchi 11 mpaka Misri. Nchi hizo zilipoamua kukaa pamoja kuzungumzia mto huo, mpango wao ulizinduliwa Dar es Salaam, Februari 1999. Kwa hiyo mtoto anayechota ndoo Igombe tayari yuko ndani ya mazungumzo ya kimataifa, awe anajua au hajui.

Masuala ni mengi. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na miongo michache baadaye aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zilikuwa zimetoweka. Magugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini, na mbawakawa walioletwa miaka ya 1990 kuyapunguza nao wametoka huko huko. Maji ya ziwa yalipanda sana mwaka 2020, na tena 2024, yakaingia kwenye nyumba na mialo, yaani sehemu za kushushia samaki. Kichocho kwa watoto wa shule za kando ya ziwa. Mifuko na chupa zinazoshuka na mto Mirongo kila mvua ikinyesha. Bondo la sangara, yaani kibofu chake cha hewa, linalokaushwa hapa na kusafirishwa hadi China, ambako ni chakula cha heshima na cha bei kubwa.

Usichague "uchafuzi wa mazingira". Ni pana mno, utasema yale ambayo kila mtu anasema. Lifinye suala mpaka liwe na mahali, watu na swali. Mfano: "Kwa nini dagaa wa mama anayeanika chini mwaloni wanapata bei tofauti na dagaa wa jirani yake anayeanika kwenye chanja, na nani anaweza kubadili hali hiyo?" Swali hilo ni dogo, lakini ndani yake kuna mvua, mtaji, soko la nchi nne na haki ya mwanamke kukopa.

Ukishalifinya, nenda. Nitakaa kwenye mfano huo huo wa dagaa ili uone namna ya kwenda.

Fika Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Utakuta magunia yamepangwa kuliko urefu wa mtu, wapagazi wanapita wakisema "Pisha! Pisha!", na kila mtu yuko kazini. Kwa hiyo usimsimamishe mtu katikati ya kupima mzigo. Mtafute mama aliyekaa anachambua. Msalimie: "Shikamoo mama." Ukijua Kisukuma, "Mwangaluka" inafungua mlango haraka zaidi. Jitambulishe jina, shule, na unachotaka: "Mimi ni mwanafunzi, najifunza biashara ya dagaa, naomba uniambie mambo mawili matatu kama una nafasi." Nunua hata kisado kimoja. Usiahidi kwamba utamletea msaada, na usimpige picha kabla hajakubali. Akisema picha hapana, ni hapana.

Namna ya kuuliza ndiyo kila kitu. Ukimuuliza, "Mama, mabadiliko ya tabianchi yamekuathiri vipi?" atakupa jibu la semina. Muulize hivi:

"Hawa wameanikwa siku ngapi, mama?"
"Jua likiwaka, moja tu. Mvua ikishika, hata tatu."
"Na wakinyeshewa?"
"Wakinyeshewa wanakuwa wekundu, wanatoa harufu. Hao tunawauzia wa chakula cha kuku. Bei inakufa."
"Mwezi huu dagaa wapo?"
"Subiri giza. Sasa hivi ni mbalamwezi, hawapandi taa."

Mazungumzo ya dakika chache ya namna hii yanakupa mambo ambayo hakuna mshiriki mwingine atakuwa nayo. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa: zamani karabai, siku hizi taa za betri na za jua. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina nguvu ya kuwavuta, uvuvi unasimama, na bei mwaloni inafuata mwezi. Dagaa walioanikwa chini mchangani wakinyeshewa wanashuka kutoka chakula cha binadamu hadi chakula cha kuku. Kisha uliza swali la mwisho, "Gunia hili linakwenda wapi?" Utasikia Congo, utasikia Burundi, utasikia Dar. Fuata gunia hilo kwa maswali: linavuka mpaka gani, linatozwa nini, nani anapanga bei.

Ukirudi, andika ukurasa mmoja siku hiyo hiyo, kabla hujalala. Weka alichosema mama upande mmoja na unachodhani wewe upande mwingine, usivichanganye. Kisha nenda kwa mtu wa pili ambaye ana maslahi tofauti: mvuvi, mnunuzi, ofisa uvuvi, mjumbe wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi wa mwalo huo. Mvuvi wa kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni, atakueleza kwa nini anavunja sheria, na ofisa atakueleza kwa nini sheria ipo, na pengine wote wawili wanasema kweli. Kijana anayeweza kueleza pande zote mbili bila kumdharau yeyote ameshaelewa uraia kuliko anayekariri malengo yote 17.

Baada ya watu, tafuta takwimu za kuaminika. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo Mwanza. Shirika la Uvuvi wa Ziwa Victoria, lililoanzishwa kwa mkataba wa 1994 wa Tanzania, Kenya na Uganda, lina makao yake Jinja na huchapisha taarifa za ziwa zima. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu. Ukikuta namba mbili zinapingana, andika zote na chanzo chake. Usijitungie ya katikati.

Mwisho, liunganishe suala lako na mbali. Kwa dagaa ni masoko ya jirani na hali ya hewa inayobadilika. Kwa sangara, rudi mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kufuatia habari za uvuvi wa sumu, na viwanda vya Mwanza vikaumia kwa uamuzi uliofanyika Brussels. Muulize mtu yeyote aliyefanya kazi kiwandani wakati huo. Kila unapoona uamuzi wa mbali umegusa meza ya nyumba ya hapa, au kitendo cha hapa kimemgusa mtu wa mbali, hapo ndipo hoja yako inapokaa.

Hatua ya 4: Andika maombi

Anayechagua washiriki anasoma mamia ya barua. Mfano wa sentensi anayoiruka: "Mimi ni kijana mwenye shauku kubwa ya kuleta mabadiliko chanya katika jamii yangu na duniani kwa ujumla." Na mfano wa sentensi inayomfanya asimame: "Katika mwalo ulio karibu na shule yetu, dagaa walionyeshewa wanauzwa kama chakula cha kuku, na ninataka kujifunza jinsi shule inavyoweza kushirikiana na akina mama wanaowaanika." Ya pili haina neno kubwa hata moja. Ina mahali, ina watu, ina nia.

Iandike kwanza kwa Kiswahili. Fikra zikishanyooka ndipo uipeleke kwenye Kiingereza, kwa sentensi fupi. Ukiiachia programu ya kompyuta ikuandikie barua nzima, itafanana na za wengine wote walioiachia. Itumie kukagua tahajia na sarufi tu.

Barua ya mapendekezo ya mwalimu iombe wiki tatu kabla ya siku ya mwisho, na umpelekee tangazo pamoja na nusu ukurasa wa mambo uliyofanya, ili aandike kitu cha kweli kukuhusu. Klabu ya shule, kikundi cha kanisani au msikitini, kufundisha wadogo zako hesabu jioni: yote hayo ni uzoefu, yaandike jinsi yalivyo. Tuma siku mbili kabla. Umeme ukikatika au bando likiisha saa tano usiku ya siku ya mwisho, hakuna wa kumwambia.

Hatua ya 5: Karatasi, na zianze leo

Usisubiri jibu. Mwanafunzi wa Mwanza huchelewa hapa kuliko pengine popote, na mara nyingi tatizo ni jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Maria, cheti cha kidato cha nne kinasema Mariam, kitambulisho cha NIDA kina herufi nyingine tena. Weka karatasi zako zote mezani jioni moja na uzisome herufi kwa herufi. Zikitofautiana, mwone wakili akueleze hati gani ya kisheria inahitajika. Hilo huchukua muda, na ubalozi hauna subira nalo.

Pasipoti unaiomba kupitia tovuti ya Idara ya Uhamiaji, kisha unakamilisha ofisini kwao. Utahitaji cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, uthibitisho wa kuzaliwa kwa mzazi, picha na maelezo ya safari. Pasipoti ya kawaida ya kielektroniki imekuwa ikigharimu shilingi 150,000. Ada hubadilika, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti kabla ya kulipa, na ulipe kwa namba ya kumbukumbu ya serikali pekee. Kama huna cheti cha kuzaliwa, anza na RITA kabla ya kingine chochote. Kama pasipoti unayo, itazame: nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi sita mbele.

Viza ni ya nchi unayokwenda. Balozi nyingi ziko Dar es Salaam, kwa hiyo weka nauli ya kwenda na kurudi kwenye bajeti yako, na uulize kama wanataka ufike mwenyewe. Barua ya mwaliko iwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe kamili, na maelezo ya nani analipa nini. Ongeza barua ya mkuu wa shule au chuo inayosema wewe ni mwanafunzi wao na unategemewa kurudi masomoni. Hujafika miaka 18? Kibali cha wazazi wote wawili au mlezi kithibitishwe na wakili.

Chanjo ya homa ya manjano ichome angalau siku 10 kabla ya kuondoka, maana cheti chake huanza kutambulika baada ya siku hizo. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, kwa hiyo kama ulichanjwa zamani, itafute kadi yako ya njano kwa mama kabla hujachoma tena.

Hatua ya 6: Vikao vya mtandaoni na ulimi

Warsha nyingi zina vikao vya Zoom kabla ya safari, na wapo wanaovikosa kwa sababu ya saa. Seoul iko mbele yetu kwa saa sita. Ratiba ikisema 15:00 ya Seoul, kwetu ni 09:00, yaani saa tatu asubuhi. Ikisema 09:00 ya Seoul, kwetu ni 03:00, saa tisa usiku, na hapo inabidi ulale mapema uamke. Andika kila kikao kwa saa zetu kwenye karatasi na uibandike ukutani. Siku ya kikao tafuta mahali penye mtandao wa uhakika, pengine maktaba ya chuo au ofisi ya mwalimu, na simu iwe imejaa chaji.

Kiingereza kinawatisha wengi wetu kwa sababu tumekisoma kwa kuandika zaidi kuliko kuzungumza. Dawa yake ni kuzungumza kwa sauti, kila siku, juu ya suala lako lile lile. Simama chumbani, weka saa, eleza habari ya dagaa kwa dakika tatu. Jirekodi kwa simu na usikilize. Kesho rudia kwa dakika mbili, bila karatasi. Mwombe rafiki akuulize maswali mabaya: "Kwani serikali yenu inafanya nini?", "Kwa nini msifuge samaki?" Washiriki wengi utakaowakuta, wa Vietnam, Kolombia au Misri, nao Kiingereza ni lugha yao ya pili au ya tatu, na wanathamini mtu anayesema polepole na kwa mpangilio. Ukikwama kwenye neno, eleza kitu chenyewe kilivyo uendelee.

Hatua ya 7: Begi

Hapa si pa kukaa sana. Angalia hali ya hewa ya mji unaokwenda, kwa sababu baridi ya Seoul ya Januari haifanani na upepo wowote wa ziwani, na koti zito la mtumba Mlango Mmoja linapatikana. Chukua adapta ya umeme ya nchi hiyo, dawa zako zikiwa kwenye pakiti zake, na nakala za karatasi zote, moja kwenye begi la mkononi na nyingine kwenye barua pepe yako. Kwa usiku wa tamaduni beba kitenge au kanga, na kitu unachoweza kukieleza. Kama unaijua ngoma ya bugobogobo, ile ya majembe inayotoka kwenye kilimo cha kushirikiana, eleza kwanza kazi iliyoizaa ndipo ucheze. Makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, ni mahali pazuri pa kujifunza habari hizo kabla ya kuondoka. Vyakula acha nyumbani mpaka usome masharti ya forodha ya nchi husika. Samaki na nyama huzuiwa sehemu nyingi.

Hatua ya 8: Ukiwa ukumbini

Siku ya kwanza sikiliza kuliko kusema, lakini sema angalau mara moja kabla ya chakula cha mchana. Ukinyamaza siku nzima ya kwanza, ya pili inakuwa ngumu zaidi.

Utaulizwa maswali juu ya Afrika nzima. Jibu kwa kile unachokijua: "Siwezi kuisemea Afrika, lakini Mwanza ninakotoka hali iko hivi." Watu watakuheshimu kwa hilo. Kwenye makundi madogo, jitolee kuandika mawazo ya wenzako ubaoni, maana mwandishi wa kundi analazimika kuwaelewa wote na huulizwa mara nyingi. Ukisikia jambo linalokuumiza kuhusu nchi yako au dini yako, muulize aliyesema amelitoa wapi kabla ya kujibu. Na mtafute mshiriki ambaye kwao kuna ziwa au mto unaogawanywa na nchi kadhaa, wa Mekong kwa mfano, mkae naye chakula cha jioni. Mtakuwa na mengi ya kulinganisha, na urafiki wa namna hiyo hudumu baada ya warsha kwa sababu una kazi ndani yake.

Hatua ya 9: Mpango wa kurudi nao

Karibu kila warsha ya aina hii inamtaka mshiriki aandike mpango wa kazi ya kufanya kwao. Uandike rasimu kabla ya kuondoka Mwanza, ukauboreshe huko. Uwe mdogo unaofanyika: darasa moja, wiki sita, kipindi kimoja kwa wiki, na mwisho wake wanafunzi wenyewe waende mwaloni kuuliza maswali yao na waandike walichosikia kwa Kiswahili kwenye ubao wa shule. Bajeti yake iwe daftari, nauli za daladala na chai ya mama atakayekubali kuja kuzungumza darasani. Mpe mkuu wa shule nakala na uombe kibali kwa maandishi kabla ya safari, ili ukirudi usianze kuomba upya. Tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, ni siku nzuri ya kuwaalika wazazi waone kazi hiyo, kama shule haijafunga.

Ukifika nyumbani, rudi kwa yule mama wa dagaa ndani ya wiki ya kwanza umweleze ulichosema juu ya kazi yake na walichouliza watu wa mbali, na usikilize kama anakubaliana nacho. Taarifa ya mwandaaji ipeleke kwa tarehe waliyokupa, ukurasa mmoja au miwili, pamoja na risiti. Vipande vya tiketi za ndege usivitupe uwanjani ukishashuka, maana mara nyingi ndivyo vinavyotakiwa kabla hujarudishiwa nauli yako.